Mguu Usiogusa Chini

Neno "msingi" tumelichosha. Tuna shule ya msingi, haki za msingi, mahitaji ya msingi, hoja isiyo na msingi; na mkubwa akikosa la kusema mkutanoni, huanza na "kimsingi". Katika matumizi yote hayo msingi ni kitu kilichowekwa zamani, mara moja, kikaisha. Kazi iliyobaki ni kujenga juu yake. Hakuna anayeuliza kama bado uko vilevile ulivyoachwa.

Mafundi wa mitambo mizito wanalo neno hilohilo, ila msingi wao una tabia nyingine. Unazeeka. Unanyonya mafuta. Unapasuka, unatitia upande mmoja, na kuna mahali umeonekana ukivimba. Kwao msingi ni kitu cha kurudiwa, cha kugongwa, cha kusikilizwa. Nadhani mafundi hawa wana jambo la kutuambia sisi tunaosoma riwaya, tunaopenda kuwahukumu wahusika, na tukifunga kitabu tunaendelea kuwahukumu watu.

Swali lenyewe ni hili: mtu anapoyumba, tunajuaje kama kasoro ni yake au ni ya kile alichosimamishwa juu yake? Na kama hatujui, tuna haki gani ya kumkaza?

Hebu tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu mfano usiojulikana vizuri ni pambo tu. Mashine kubwa, iwe pampu, jenereta au kinu, haiwekwi juu ya sakafu kama kabati. Linachimbwa shimo, zinafungwa nondo, linamwagwa pande la zege. Kanuni ya zamani inasema zege la mashine inayozunguka liwe na uzito kama mara 3 ya mashine yenyewe. La injini ya pistoni, inayopiga mbele na nyuma, mara 5. Bolti ndefu zinazikwa humo, vichwa vikiwa chini na nyuzi zikichungulia juu. Kisha mashine inashushwa polepole, inasawazishwa kwa kabari na pima maji, na mwisho ule upenyo mdogo kati ya kitako cha mashine na zege unajazwa saruji laini iliyokorogwa kama uji, isiyosinyaa ikikauka. Tabaka hilo huwa jembamba sana ukilinganisha na pande lililo chini yake, nalo ndilo linalobeba kila kitu. Likishakauka, halionekani tena. Watu watapita pale miaka 40 wakiitazama mashine, wakiipaka rangi, wakiipigia picha, na hakuna atakayekumbuka uji ule.

Sasa tuseme mashine ina miguu minne, na mmoja haugusi chini. Labda uji chini yake umemomonyoka, labda upande ule umetitia. Pengo ni dogo mno, unene wa karatasi au pungufu. Fundi mvivu hufanya nini? Anachukua spana anakaza nati. Anakaza mpaka mguu unashuka, unagusa. Ukitazama kwa macho, kazi imekwisha: miguu yote minne iko chini, nati zote zimebana.

Lakini chuma hakikushuka bure. Kimepinda. Kwa kuulazimisha mguu ule ushuke, fundi amekunja mwili mzima wa mashine, kidogo sana, kiasi kisichoonekana. Mahali pa kukaa beringi pamehama. Shafti iliyokuwa imenyooka sasa inazunguka ikijisugua. Mtetemo unaongezeka, na mtetemo ukiongezeka kila mtu anasema, "Nati zimelegea, kaza." Zinakazwa tena. Beringi inakufa, inawekwa mpya, nayo inakufa. Kwa lugha yao mafundi huuita mguu huo mguu laini, na vitabu vyao vinasema kwamba hata mguu unaoruka zaidi ya sehemu 5 kwa 100 za milimita usiachwe hivyo.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mguu usio na kitu chini yake haukai kwa kukazwa. Ukiukaza, unahamisha kasoro kutoka chini, isikoonekana, kuipeleka juu, inakoonekana. Kisha unailaumu ile ya juu.

Mjomba wangu mmoja alifanya kazi karibu maisha yake yote katika viwanda vya mkonge upande wa Korogwe. Anayejua mkonge anaijua korona: ile mashine inayopokea majani upande mmoja, ikayaponda na kuyakwangua kwa ngoma zenye visu huku maji yakimwagwa, na upande wa pili zikatoka nyuzi. Katika jani zima nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Zilizobaki ni nyama na maji. Maji hayo ni makali. Yanawasha ngozi ya mkono, yanakula chuma, na taratibu yanakula hata saruji.

Korona ya mahali alipokuwa ilianza kula beringi, tena upande mmoja tu. Palikuwa na kijana wa kupaka grisi, na kwa kuwa beringi inaishi kwa grisi, jibu lilionekana rahisi. Kijana akaitwa mzembe. Akapewa onyo, likaja la pili, kisha akaachishwa kazi. Akaletwa mwingine. Beringi ikafa tena mikononi mwa huyo mwingine.

Mjomba aliponisimulia, nilimuuliza alijuaje. "Mjomba," akaniambia, "beringi ikifa mara moja, laumu beringi. Ikifa mara tatu palepale, shuka chini." Alishuka na nyundo ndogo. Akagonga kitako cha mashine kuzunguka pande zote, sikio likiwa karibu, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Pande tatu zilijibu kwa sauti nzito, iliyojaa. Upande wa nne ulijibu kwa sauti ya mtungi. Uji wa saruji chini ya mguu ule ulikuwa umeliwa na maji ya mkonge siku nyingi, na nati juu yake ilikuwa imekazwa kuliko zote.

Kuitengeneza kulichukua siku nyingi kuliko uongozi ulivyopenda. Mashine ilifunguliwa nati, ikainuliwa kwa jeki kiasi cha kupitisha kidole. Zege lililooza likachimbwa kwa tindo mpaka likafikiwa zege zima. Lililonyonya mafuta nalo likaondolewa, maana saruji mpya haishikani na zege lenye mafuta hata uimwage kwa upendo namna gani. Likasafishwa, likaloweshwa, uji mpya ukamwagwa. Siku ya pili wakubwa wakataka mashine iwashwe. Mjomba akakataa. Saruji ya kawaida nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28; kuna michanganyiko inayokomaa mapema zaidi, lakini hakuna inayokomaa kwa sababu meneja ana haraka.

Korona ikatulia. Nikamuuliza, na yule kijana wa kwanza? Mjomba akanyamaza kidogo. "Alikuwa ameshaondoka. Nani angemfuata?"

Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mashine ilitendewa haki. Iligunduliwa kwamba haikuwa na kosa, ikatengenezewa pa kusimama, ikasubiriwa ipone. Kijana, aliyehukumiwa kwa ushahidi uleule, hakutafutwa na mtu. Siwaoni waliomwachisha kazi kuwa watu wabaya. Walifanya tunachofanya wengi wetu: tulisikia kelele, tukamshika aliye karibu na kelele. Chuma hulia, zege hunyamaza, na sisi tumezoea kuamini kwamba anayelia ndiye mwenye kosa.

Wapenzi wa fasihi tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Mkumbuke Zakaria katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971. Baba mlevi, nyumba haina utulivu, na binti anapoandikiwa barua na mvulana, anapigwa. Ulinzi unakuwa mkali. Ukimtazama Rosa akiwa nyumbani, utasema amekaa sawa, nati imebana. Anapotoka kwenda shule na mkono wa baba ukaachia, tunaona chini hapakuwa na kitu. Tunabishana darasani kama Rosa alikuwa na tabia mbaya au alikosa malezi. Fundi asingebishana hivyo. Angeuliza: kipigo kile kilikuwa kinajaza pengo gani? Hakikujaza lolote. Kilimkunja tu, na kukunjwa kukaitwa adabu.

Wala si riwaya peke yake. Mwanafunzi anafeli, tunaongeza viboko na masomo ya jioni bila kuuliza amekula nini. Muuguzi anakuwa mkali, tunamwandikia barua ya onyo, tukiacha kuhesabu wagonjwa aliohudumia usiku ule peke yake. Dada wa kazi anavunja vyombo, anabadilishwa, anakuja mwingine, navyo vinavunjika. Beringi ya tatu palepale.

Najua kuna atakayenijibu: basi hakuna mwenye kosa tena. Kila mwizi atasema msingi wake ulikuwa mbovu, kila mzembe atalia kwamba hakutegemezwa. Pingamizi hili ni la haki, na jibu la "tuwe na huruma" halitoshi. Fundi mwenyewe si mtu wa huruma. Hasikilizi visingizio, anapima.

Kipimo chake ni rahisi. Anaweka saa ya kupimia, ile yenye sindano, juu ya mguu mmoja, kisha analegeza nati ya mguu huo peke yake. Kama mguu unabaki palepale, sindano haisogei, basi ulikuwa umesimama kweli, kwa uzito wake. Hapo anaukaza tena na kwenda kwenye mguu unaofuata. Kama sindano inaruka, anajua kwamba mguu ule ulikuwa umeshikiliwa tu, haukuwa umesimama. Hapo hakazi. Anakata vipande vya bati vyembamba vinavyolingana na pengo lilivyo, anavisukuma chini, ndipo anakaza. Miguu yote ikiwa imesimama kweli na mtetemo bado upo, basi anapanda juu, anaikagua beringi, na ikiwa mbovu anaitupa bila machozi.

Kwa hiyo hapa hakuna msamaha wa jumla. Kuna utaratibu wa maswali: chini kwanza, juu baadaye. Anayeanza juu anaweza hata kuwa sahihi, ila atakuwa amebahatisha, na kumwadhibu mtu kwa kubahatisha ni dhuluma hata kama umepatia. Angalia pia kwamba kipimo hiki kinadai kulegeza. Huwezi kujua kama mguu umesimama huku umeushikilia. Mzazi, mwalimu, mkuu wa kazi, serikali, wote wanaogopa hapo. Kulegeza kunaweza kufichua kwamba utulivu wote uliosifiwa ulikuwa ni wa spana.

Na kukaza nako kuna mwisho wake. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya, kwenye mto Yenisei kule Siberia, mfuniko wa mtambo namba 2 uling'oka. Mtambo huo ulikuwa umeanza kazi mwaka 1979 na ulikuwa umetoka matengenezoni miezi michache tu kabla. Mfuniko ulishikiliwa na bolti 80. Maji yaliupiga kutoka chini, mtambo mzima ukarushwa juu, ukumbi ukafurika, na watu 75 wakafa. Wachunguzi walipozikusanya bolti walizoziona, katika 49 walikuta 41 zina nyufa za uchovu. Ndiyo, chuma nacho huchoka. Ndivyo wahandisi wanavyosema. Hazikushindwa kwa kishindo cha siku moja. Zilichoshwa na mtetemo, kidogo kidogo, na mtetemo wenyewe ulikuwa ukisomeka kwenye vipimo, juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mtambo ulikuwa umesema. Kilichokosekana ni mtu wa kuusimamisha.

Ninautaja msiba huo kwa sababu mazungumzo ya maadili tunayafanya kana kwamba tuna muda wote wa dunia. Wakati mwingine swali la "kosa ni la nani" lisubiri, mashine izimwe kwanza. Mtu aliyechoka apumzishwe kabla ya kuchunguzwa. Ukiendelea kumwendesha huku ukimchunguza, uchunguzi wako utamalizikia kwenye maiti.

Bado kuna hali ngumu zaidi, ambayo msingi wenyewe ndio unaokosa na hakuna mwovu wa kumshika. Huko Kanada, jimbo la New Brunswick, kuna bwawa la umeme liitwalo Mactaquac. Lilianza kazi mwaka 1968 likitarajiwa kudumu miaka 100. Kufikia miaka ya 1980 ikaonekana kwamba zege lake linavimba. Kokoto zilizotumika, ambazo zilichimbwa papo hapo, zina madini yasiyopatana na alkali iliyomo kwenye saruji; vikikutana na maji, vinatanuka polepole, mwaka baada ya mwaka. Zege linalovimba linaikaba mitambo iliyomo ndani yake. Waliojenga hawakuiba saruji wala kupunja nondo. Walitumia jiwe lililokuwepo, kwa ujuzi uliokuwepo. Na hata hivyo walio hai leo wanapaswa kulikata zege hilo mara kwa mara kwa waya za almasi, kulifungulia nafasi ya kupumua. Mwaka 2016 iliamuliwa kwamba bwawa lisiachwe life mapema, bali litengenezwe lifikie ule mwaka wa 2068. Yaani kizazi kizima kimekubali kazi ya kukata na kuziba, kwa kosa ambalo si lao na wala si la mtu.

Wengi wetu tumerithi Mactaquac. Mila iliyowekwa kwa nia njema, kwa jiwe la mahali, imevimba mpaka inawabana walio ndani. Ukiisema, wazee wanaudhika kana kwamba umewatukana waliojenga. Ukiibomoa yote, unakosa pa kusimama. Njia ya tatu haina sifa wala haipigiwi makofi: kukata kidogo, kupima, kusubiri, kukata tena.

Na wengine tumerithi misingi ambayo mwovu wake tunamjua. Turudi Tanga. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza, iliyofika hai ni 62. Kutoka hapo mpaka mwaka 1964, nchi ilipozalisha karibu tani 230,000, walioibeba kazi hiyo ni watu waliosafirishwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Njombe, Songea, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji, wakapewa namba na kuitwa manamba. Zao lilipoanguka, kelele zikawa nyingi: wafanyakazi wavivu, mameneja wezi, kutaifisha baada ya Azimio la Arusha kumeharibu. Baadhi ya hayo yana ukweli wake. Lakini chini kabisa, bila kelele, kamba za plastiki zilikuwa zimeushusha mkonge bei dunia nzima, na jasho la manamba lilikuwa limehesabiwa tangu mwanzo kuwa ni kitu kisichochakaa. Huwezi kuikarabati biashara iliyojengwa hivyo kwa kubadilisha meneja. Lazima mtu achimbe kwa tindo mpaka afikie zege zima, na akubali kwamba saruji mpya haitashikana na mahali palipolowa mafuta ya zamani. Kuungama yaliyotokea ni sehemu ya ufundi wenyewe, maana bila kusafisha hakishiki kitu.

Tunayo methali inayojulikana na kila mtoto: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Naiheshimu, ila mbele ya fundi wa misingi inahitaji nyongeza. Ufa kwanza huulizwa kama uko hai au umekufa. Fundi wa kizamani huubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kikashikiliwa pande zote mbili, kisha anaondoka. Akirudi baada ya wiki kadhaa na kioo kiko kizima, ufa umekufa. Ulitokea, ukaisha, unaweza kuzibwa. Kioo kikikutwa kimekatika, kuna kitu bado kinasogea, na ukiuziba utakuwa umepaka poda tu. Wengine hufanya jambo rahisi zaidi: huweka alama ya penseli mahali ufa ulipoishia na kuandika tarehe pembeni.

Naipenda ile tarehe. Aliyeiandika hakuwa na uwezo wa kutengeneza siku hiyo, pengine hakuwa na saruji, pengine hakuruhusiwa kuizima mashine. Lakini alikataa kupiga lipu juu ya asichokielewa, na alikataa kumlaumu aliye karibu. Alimwachia atakayekuja baadaye ukweli mdogo: mpaka siku hii, ufa ulifika hapa. Kama hatuwezi kumtengenezea mtu pa kusimama leo, angalau tusimkaze, na tuandike tarehe.